Gadi ya Tangi la Mafuta: Dalili za Ufungaji Mbaya, Sababu Zake na Namna ya Kuzirekebisha

Malalamiko kuhusu gadi ya tangi la mafuta, yaani bamba la chuma au alumini linalofungwa chini ya tangi kulikinga na mawe, hayaji siku ya kuifunga. Huja wiki mbili au tatu baadaye, gari likiwa limeshapanda Makete na kurudi, au limeshapita njia za mashamba ya mpunga ya Mbarali wakati wa mvua, na mwenye gari husema mojawapo ya mambo haya: chini kunagonga, kunanuka dizeli, geji inadanganya, au gari linakosa nguvu mlimani. Gadi nyingi zinazouzwa madukani, na hata zile zinazokunjwa na mafundi wa kuchomelea wa Mbeya na Iringa, zina uimara wa kutosha. Kinachokosewa ni nafasi kati ya gadi na tangi. Gadi haipaswi kuligusa tangi, na tangi halipaswi kuilalia gadi. Uzito wa gadi ni mzigo wa chasisi, na uzito wa tangi ni mzigo wa mikanda yake. Karibu kila dalili inayoelezwa hapa chini hutokea pale mmoja anapoanza kubeba mzigo wa mwenzake.

Kabla ya kuingia chini

Gari liegeshwe mahali tambarare, jambo ambalo katika miji yetu ya milimani linahitaji kutafutwa kwa makusudi, na likalishwe juu ya stendi za chuma, kwa kuwa jeki peke yake, matofali au gogo la mlingoti si vitu vya kumlaza mtu chini yake. Tangi liwe na mafuta kidogo, robo au chini ya hapo, kwa sababu lita 80 za dizeli zina uzito wa kilo 67 hivi, na hakuna fundi anayeweza kuukamata uzito huo mkanda ukifyatuka. Ukaguzi ufanyike kwa tochi ya betri, si kwa balbu ya kuning'iniza. Kwa magari ya petroli tahadhari iongezwe maradufu: mvuke wa petroli hushika moto hata katika baridi ya Julai, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia ndani ya shimo la gereji, mahali hasa ambapo fundi amesimama. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu kabla spana ya kwanza haijashikwa.

Matundu ya gadi hayalingani na ya chasisi

Mara nyingi kosa ni la mpangilio wa kazi. Fundi hukaza bolti ya kwanza mpaka mwisho, ya pili pia, kisha hushangaa ya tatu inapokataa. Zote zianzwe kwa vidole, zizungushwe mara tatu au nne, gadi isogezwe kwa mkono mpaka ikae sawa, ndipo ukazaji uanze kwa kukatisha pembe. Iwapo tofauti ni ya milimita mbili au tatu, tundu la gadi ndilo linalopanuliwa, tena gadi ikiwa imeondolewa na kupelekwa mbali na gari, kwa kuwa cheche za grenda hazina adabu mbele ya mafuta. Tundu la chasisi lisiguswe.

Tofauti ikizidi sentimita moja, kuna uwezekano mkubwa kwamba gadi si ya gari hilo. Magari ya jina moja hutofautiana matangi: la petroli na la dizeli, la kabini moja na la kabini mbili, lenye tangi moja na lenye tangi la akiba. Land Cruiser ya pikapu aina ya 79 ina tangi moja la lita 130 nyuma, ilhali ndugu yake wa aina ya 78, ile ndefu ya kubeba watu, huja na matangi mawili ya lita 90. Sababu ya mwisho, ambayo si ya kawaida lakini ipo, ni chasisi iliyopinda kutokana na ajali ya zamani. Hiyo hupimwa kwa kamba kutoka kona moja hadi nyingine kwa mshazari, na kamba mbili zisipolingana, kazi isimame na gari lipelekwe kwa mwenye vifaa vya kunyooshea chasisi.

Bolti inazunguka bila kukaza, au nati ya ndani ya chasisi imeng'oka

Hapa ndipo kazi nyingi za magari yenye umri mkubwa hukwama. Gadi nyingi hutumia nati zilizochomelewa ndani ya chasisi tangu kiwandani, na nati hizo zimekaa miaka mingi zikinywa matope bila bolti yoyote kuingizwa humo. Hesi, yaani michirizi ya ndani ambamo bolti huzunguka, zimejaa kutu. Bolti mpya huingia mizunguko miwili, hukaza, fundi huongeza spana ndefu akidhani anashinda, na kumbe anaing'oa nati kutoka kwenye uchomeleaji wake.

Dawa nyepesi ni subira. Jioni ya kabla ya kazi, hesi zisuguliwe kwa brashi ndogo ya waya na kupuliziwa mafuta ya kulainisha kutu, na asubuhi zipitishiwe tepu, kile chuma cha kukatia hesi, nusu mzunguko mbele na robo mzunguko nyuma, ili uchafu utoke badala ya kusindiliwa ndani. Bolti inayokataa kwa mkono baada ya mizunguko miwili irudishwe nyuma, isafishwe, kisha ijaribiwe upya. Nati ikishaanza kuzunguka, mara nyingi kuna tundu la karibu kwenye chasisi ambamo nati mpya iliyochomelewa kwenye kipande cha bati bapa inaweza kuingizwa kwa waya na kushikwa mpaka bolti iifikie. Palipo chasisi isiyo na tundu la namna hiyo, nati ya kubana kwa ndani hufaa, mradi chuma cha hapo si chembamba kwa kutu.

Kitu kisichofaa kabisa ni kuchomelea nati mahali pake huku tangi likiwa bado juu. Wapo wanaosema tangi likikaushwa hakuna hatari. Tangi tupu ni hatari zaidi kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Iwapo uchomeleaji hauepukiki, tangi liondolewe lote na kupelekwa mbali, paipu zifungwe, waya wa betri wa upande hasi uchomolewe ili kompyuta ya gari isiungue, na kazi afanye mchomeleaji aliyezoea chasisi. Fundi mzuri wa mageti si lazima awe fundi mzuri wa chasisi.

Chini kunagonga, kunavuma au kunalia

Sikio lianze kabla ya spana, kwa kuwa wakati mlio unapotokea husema mengi kuhusu mahali ulipo. Mlio wa kokoto unaosikika kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi na kutoweka kwenye lami ni mawe yaliyonaswa juu ya gadi au bolti zilizolegea. Mlio mzito wa kugonga unaokuja gari likiwa na mzigo, au gurudumu moja likiingia kwenye korongo, ni ekseli, shokapu au propela shafti inayofikia ukingo wa gadi. Mvumo unaotokea mwendo wa injini ukifika kiwango fulani tu, hata gari likiwa limesimama, ni ekzosi inayogusa chuma. Mpigo mmoja mzito unaposhika breki au kuondoka, hasa tangi likiwa nusu, ni tangi lenyewe linalocheza kwenye mikanda na kuipiga gadi kwa tumbo lake.

Mawe ndiyo sababu ya kwanza. Jiwe moja la ukubwa wa harage, likikaa kwenye kona ya mkunjo wa gadi, hutosha kumkosesha dereva raha kutoka Isyonje mpaka Kitulo. Ligonge bamba kwa kiganja gari likiwa limesimama; likilia kwa kuchakarisha, lishushwe upande mmoja na kuoshwa kwa maji ya presha kutoka juu kwenda chini.

Bolti kulegea baada ya safari za kwanza si ajabu. Rangi iliyopo kati ya gadi na chasisi husagika, washa hukaa mahali pake, na ukazo hupungua. Kwa hiyo kila gadi mpya ikazwe tena baada ya safari fupi, tuseme kwenda Tukuyu na kurudi Mbeya, ambayo ni kilomita 140 hivi, na ikaguliwe kila gari linapobadilishwa oili. Palipo maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe. Pasipo nayo, bolti kavu ya daraja la uimara la 8.8 yenye kipenyo cha milimita 8 hukazwa kwa niutoni-mita 25 hivi, ya milimita 10 karibu 50, na ya milimita 12 karibu 85. Nati zenye pete ya nailoni ni bora kuliko springi washa kwenye barabara za mawimbi, lakini zikishafunguliwa mara mbili tatu nailoni huchoka, na bei yake haifai kumfanya mtu azihurumie.

Kwa tangi linalogusa gadi, kuna kipimo kisichohitaji kifaa chochote cha gharama. Kanda unga wa ngano na maji kidogo, ugumu wa donge la chapati, utengeneze vidonge vitano vya ukubwa wa ndimu, uvipake vumbi la unga visinate, kisha uvipange juu ya gadi: kimoja katikati na vinne karibu na kona. Inua gadi, ifunge kwa bolti zote kwa ukazo wa kawaida, kisha ishushe taratibu. Kila kidonge sasa kina umbo la nafasi iliyopo. Kikate katikati kwa kisu na upime unene wake kwa rula. Milimita 15 ni nafasi nzuri, 10 inavumilika kwa tangi la chuma. Kidonge kilichobaki wembamba wa sarafu, chenye alama ya mshono wa tangi iliyochapwa juu yake kama muhuri, kinakuambia wapi gadi italitoboa tangi siku ya jiwe kubwa. Tofauti na kazi nyingine za hapa, kipimo hiki kifanyike tangi likiwa na mafuta, kwa kuwa la plastiki hutanuka likijaa, na linahitaji nafasi zaidi kuliko la chuma.

Nafasi ikipungua, washa nene au vipande vya bomba vya urefu sawa huwekwa kati ya gadi na chasisi, na bolti ndefu zaidi hutumika. Kuweka mpira wa tairi kuukuu kati ya tangi na gadi ili kuzima mlio ni desturi iliyoenea, nami siikubali: mpira unashika tope, tope linashika maji, na tangi la chuma linaozea mahali usipopaona.

Kugonga kwa ekseli na propela shafti hakurekebishwi kwa washa. Gari lipakiwe mzigo wake wa kawaida, tuseme magunia ya viazi, gurudumu moja la nyuma lipandishwe juu ya kitu imara, na nafasi ikaguliwe kwa tochi kutoka pembeni, bila mtu kuingia chini. Ukingo wa gadi uliokwaruzwa na kung'aa ndio ushahidi. Ukingo huo ukatwe au ukunjwe upya gadi ikiwa chini. Ikiwa alama ziko kwenye propela shafti yenyewe, gari lisiendeshwe mpaka fundi wa magari aikague, kwa kuwa shafti iliyochimbwa hupoteza mizani yake.

Kunanuka mafuta, au kuna unyevu juu ya gadi

Dalili hii ishughulikiwe siku hiyohiyo. Kwa gari la petroli, injini izimwe, watu washuke, gari lisukumwe mbali na jiko au moto wowote, na lisiwashwe tena hata kwa lengo la kulifikisha gereji. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kwa dizeli, hatua ya kwanza ni kujua kama kweli ni dizeli. Karatasi nyeupe ipanguswe kwenye unyevu na kuachwa juani. Maji yatakauka, dizeli itaacha doa la mafuta lisilokauka. Sababu ya kawaida ni paipu ya kupumulia au mpira wa shingo ya kujazia uliosogezwa wakati wa kufunga, na dalili yake ni harufu inayokuja tangi likijazwa mpaka juu na kupotea likishuka nusu. Klipu ikazwe, au mpira ubadilishwe ukiwa na nyufa. Inayofuata ni bolti ndefu kuliko inayotakiwa: fundi hupoteza moja, huchukua nyingine kwenye kopo la bolti za kila aina, na ncha yake inayotokeza huanza kulikwaruza tangi kila gari linaporuka. Ipimwe kila bolti, na ncha isizidi hesi mbili au tatu nje ya nati. Sababu ya tatu ni joto la ekzosi inayopita jirani ya gadi, hasa ekzosi isiyo ya asili. Gadi hulirudisha joto hilo juu, na tangi la plastiki haliwezi kulivumilia kwa muda mrefu.

Tangi lililotoboka halifai kuzibwa kwa sabuni kisha gari likaendelea na kazi. Sabuni ya kipande hulifikisha gari la dizeli kijiji cha jirani, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Kuziba la chuma au kubadilisha la plastiki ni kazi ya fundi wa matangi, na gari lifike kwake kwa kukokotwa.

Gari linakosa nguvu mlimani, pampu ya kituoni inakata mapema, au geji inadanganya

Dalili hizi tatu hufanana na ugonjwa wa filta, na ndiyo maana humpotosha mtu. Mimi mwenyewe nilibadilisha filta mbili za dizeli kwenye pikapu yangu, nikailaumu dizeli ya kwenye madumu, nikaosha tangi, kabla ya kugundua kwamba paipu ya kupumulia, nyembamba kama kidole kidogo, ilikuwa imebanwa kati ya mkono wa gadi na chasisi. Nilikuwa nimeifunga gadi hiyo kwa mikono yangu.

Injini inapovuta mafuta, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Njia ikibanwa, tangi huanza kujivuta lenyewe, mafuta huja kwa shida, na gari hukohoa. Katika milima yetu kuna la ziada. Ukishuka kutoka uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kupitia zile kona 57 za Matamba mpaka Chimala, iliyo kwenye mita 1,000 na kidogo, unatoka kwenye hewa ambayo shinikizo lake ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita kuliko ya chini. Tangi lisilopumua hushuka na hewa nyepesi ya juu, na hewa nzito ya bonde hulibana kutoka nje. Mifuniko mingi ina vali ndogo ya kuingiza hewa inayoficha tatizo hili, mpaka vumbi liizibe.

Kipimo ni chepesi: gari la dizeli likianza kukohoa, liegeshe pembeni, fungua mfuniko na usikilize. Likivuta pumzi ndefu, kisha likaondoka vizuri mfuniko ukiwa umelegezwa, sababu umeipata. Kwa petroli, injini izimwe na kupoa kwanza. Pampu ya kituoni inayokata kila baada ya lita chache ni dalili ya paipu hiyohiyo, kwa kuwa hewa ya ndani inakosa pa kutokea mafuta yanapoingia. Gadi ishushwe, paipu irudishwe kwenye njia yake ya asili, na iliyokunjika kwa muda mrefu ibadilishwe, maana hata ikinyooshwa hujikunja tena palepale.

Geji inayodanganya huanzia kwenye waya uliobanwa au ethi, yaani kiungo cha waya kwenye bodi ya gari, iliyoshika kutu. Ikaguliwe soketi iliyo juu ya tangi. Tangi la plastiki lililosukumwa juu na gadi linaweza pia kuizuia floti, boya la ndani linalopima mafuta, isicheze kwa uhuru, na hapo turudi kwenye vidonge vya unga.

Tope lililoganda na kutu

Tope jeusi la Usangu likikauka juu ya gadi huwa gumu kama tofali, na gari hubeba kilo kadhaa za mzigo usio na mwenyewe. Gadi isiyo na matundu ya kutolea maji itobolewe, ikiwa imeshushwa, matundu ya kipenyo cha sentimita 2 au 3 sehemu za chini kabisa, si chini ya mikanda ya tangi. Ishushwe na kuoshwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Novemba na baada ya mvua kwisha Mei.

Wengi huuliza kati ya chuma na alumini. Bamba la sentimita 60 kwa 90 la chuma cha milimita 4 lina uzito wa kilo 17 hivi, na la alumini ya milimita 6 karibu kilo 9. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini ikigusana na chasisi ya chuma kwenye unyevu huliwa polepole na kuwa unga mweupe, hivyo washa za plastiki ziwekwe kila sehemu ya mgusano. Kwa gari la mashambani ningechagua chuma, kwa sababu hakuna mji hapa usio na mtu wa kukinyoosha.

Gadi imepigwa na jiwe

Gadi iliyobonyea imefanya kazi yake, lakini haijulikani bado kama imeimaliza. Isinyooshwe kwa nyundo ikiwa mahali pake, kwa kuwa pigo linaloinyoosha kutoka chini ndilo linalolibonyeza tangi juu yake. Ishushwe, na kabla ya kuitazama gadi litazamwe tangi: la chuma lenye mkunjo mkali kwenye mshono, au la plastiki lenye mstari mweupe mahali palipokunjika, liende kwa fundi hata kama halivuji. Lililokwaruzwa juu juu tu linaweza kurudi kazini. Gadi yenyewe inyooshwe juu ya kitu bapa, ipigwe rangi mahali palipochubuka, na ipimwe tena kwa unga kabla ya kufungwa. Bolti zote zibadilishwe, hata zinazoonekana nzima. Weka moja ya zamani kando ya mpya na utaona hesi zake karibu na kichwa zimeachana kidogo, kama meno ya chanuo lililovutwa.